Siku moja maishani mwangu: swichi ya ngazini, Mji Mkongwe

Saa 1:30 asubuhi. Mkoba wangu wa ufundi umeme leo mdogo: bisibisi, plaizi, mita, mega (kipimo cha uvujaji wa umeme kwenye waya), testa ya ncha mbili, tochi ya kichwani, konekta na swichi mpya ya plastiki. Plastiki kwa makusudi. Nakwenda kwenye nyumba ya mawe na chokaa ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, na nyumba za rika lile mara nyingi taa zake hazina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Kumfungia mtu swichi ya bamba la chuma pasipo ethi ni kumtegea mauti ukutani.

Saa 2:30. "Shikamoo, Bi Mkubwa." "Marahaba mwanangu, karibu ndani. Hii taa ya ngazini ina shetani. Naizima, yenyewe inamemeta usiku kucha."

Nikamuuliza: ilianza lini? Tangu mjukuu wake alipoweka glopu ya LED. Swichi je? Inatatarika ukiibonyeza, na ina joto. Napenda kumsikiliza mwenye nyumba kabla ya kufungua parafujo hata moja, kwa sababu yeye ndiye anayeishi na umeme ule. Glopu ya zamani ya wati 60 haiwaki kwa umeme kiduchu. LED huweza kumemeta kwa chembe inayovuja tu, kwa hiyo ilifichua ugonjwa uliokuwapo siku nyingi.

Saa 3. Chini ya ngazi kuna men swichi, yaani swichi kuu ya nyumba, na fyuzi za kauri, mbili mbili kwa kila mkondo, yaani kila kundi la waya: moja ya laivu, waya unaoleta umeme, moja ya nyutro, waya unaourudisha. Ndivyo walivyofunga wazee. Hatari yake ni kwamba fyuzi ya nyutro ikikatika, taa inazimika lakini waya unabaki na umeme.

Niliunga waya mrefu kwenye ethi ya men swichi, nikapanda nao hadi kwenye holda ya glopu. Glopu imetolewa, swichi imezimwa. Testa ikasoma volti 230. Swichi ilikuwa inakata nyutro badala ya laivu. Kila aliyewahi kupanda pale kubadilisha glopu akiamini amezima, alikuwa anaweka vidole jirani na umeme kamili. Nikapima taa nyingine za ghorofa ile, zote vivyo hivyo. Basi kosa halikuwa la swichi. Waya mbili ziligeuzwa kule kwenye fyuzi.

Saa 4. Nikazima men swichi, nikang'oa fyuzi nikazitia mfukoni. Testa naijaribu kwanza penye umeme, ndipo napima ninaposhika, kisha naijaribu tena. Kijana ninayemfundisha huona nachelewesha kazi. Nami namwambia, testa iliyokufa nayo husema hakuna umeme.

Swichi ya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, ilikuwa juu ya kibao cha mviringo. Nyuma yake rangi za waya zimekwisha, huwezi kusema upi mwekundu, upi mweusi. Mpira wake umekauka, ukiukunja unamomonyoka kama ganda la mkate. "Kaka, hizi si za aluminiamu?" kijana akauliza, maana zinang'aa kama fedha. Hapana. Ni shaba iliyopakwa bati, kwa sababu salfa iliyomo kwenye mpira wa zamani hula shaba.

Hapa ndipo pa subira. Waya wa namna hii hauvutwi. Ukiuvuta, mpira unapasuka ndani ya ukuta usikokuona. Nilikata kidogo kidogo mpaka nilipokuta mpira mzima, nikavisha kila ncha kimpira kinachosinyaa kwa moto, nikafunga swichi mpya juu ya boksi la nje. Chokaa sikuitindua. Parafujo ni za shaba nyeupe, kwani chuma cha kawaida huliwa haraka na chumvi ya bahari.

Saa 6:30. Adhuhuri, wali na samaki.

Saa 8. Nikazigeuza zile waya kwenye fyuzi, na upande wa nyutro nikaweka kiungo kizima kisichokatika badala ya fyuzi. Kisha mega, kwa volti 500, glopu zote zikiwa nje. Siwashi mkondo uliosoma chini ya megohmu 1; namba ikiwa ndogo, umeme unavuja zaidi. Wa ngazini: 2. Nikauwasha, taa ikawaka na kuzimika sawasawa. Wa jikoni, ambako ukuta unatoka jasho la chumvi: 0.2. Huo nikauacha umezimwa.

Saa 9. "Mwanangu, nimekuita kwa swichi moja, sasa unaniacha gizani jikoni!" Ana haki ya kukasirika, naye ana watu wa kuwapikia. Nilikaa naye barazani, nikamwonyesha kipande cha mpira uliomomonyoka, nikamweleza kuwa chumvi huvuta unyevu na unyevu hupitisha umeme hadi ukutani anakoegemea. Alinyamaza kitambo, akakishika kile kipande, akauliza gharama. Nikamwachia taa yangu ya kuchaji.

Saa 10:30. Dukani Darajani: waya wa milimita za mraba 1.5 wenye ethi yake, tranki za plastiki (mifereji ya kupitishia waya juu ya ukuta) ili tusichimbe mawe, na holda mbili. Kesho saa 2 tunaanza na jiko. Mjukuu amekubali kuhamisha kabati leo usiku.