Nilivyoujua umri wa picha ya mjomba

Mjomba ana picha ya Unguja inavyoonekana ukiwa baharini: majahazi mbele, nyumba nyeupe nyuma, mbingu ya samawati. Alipoinunua aliambiwa ni mchoro halisi wa rangi za maji, wa zama za Seyyid Said, na kila mgeni anayekaa barazani kwake lazima asimuliwe. Kioo kilipopasuka akanikabidhi. "Kaitie fremu mpya, mjomba, na uniangalizie kama ni kweli ya Seyyid Said."

Nilipoitoa kwenye fremu nikaielekeza dirishani. Herufi zikajitokeza kinyumenyume: nyuma kulikuwa na tangazo la sabuni, kwa Kiingereza. Moyo ukanishuka. Ukurasa wa gazeti!

Nikaazima lenzi kwa fundi saa. Chini ya rangi kulikuwa na mistari myeusi myembamba, imepangana kama uzi kwenye kitambaa, na samawati ya bahari imeikanyaga bila adabu. Tanga moja limepakwa nusu tu. Magazeti kama The Illustrated London News, lililoanza 1842, yalikuwa yakiletewa michoro na wachoraji waliokuwa safarini, mara nyingi ya rangi za maji, kisha mafundi wakaichonga kwenye mbao ngumu tayari kuchapwa kwa wino mweusi. Mti waliopendelea hautoi ubao mpana, kwa hiyo picha kubwa ilichongwa kwenye vipande vingi vilivyofungwa pamoja kwa skrubu, na kazi ikiwa ya haraka kila fundi alipewa kipande chake. Nikasaka maungio. Nililipata moja: mstari mweupe, mwembamba kuliko unywele, unaokata jahazi katikati. Nilikaa nalo robo saa nzima. Rangi, basi, aliipaka mtu mwingine baadaye, na mkono wake haukuwa mzuri sana.

Umri nao ulitoka kwenye majengo. Beit-el-Ajaib, lile jumba kubwa la pwani ya Unguja, imo, na Seyyid Barghash aliijenga 1883; Seyyid Said alikuwa ameshafariki tangu 1856. Mbele yake umesimama mnara wa taa peke yake, mbali na jumba. Huo uliharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na mwaka uliofuata ukajengwa mnara wa saa uliogandana na jumba lenyewe. Kwa hiyo aliyechora alisimama chomboni kati ya 1883 na 1896.

Fundi fremu alitaka kuigandisha kwa gundi kwenye kadibodi. Nikakataa, nikaondoka nayo.

Kumwambia mjomba ndiyo ilikuwa kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza, akavaa miwani.

"Na sabuni hii ilikuwa bei gani?"

"Bei imekatwa na mkasi, mjomba."

Sasa imetiwa vioo viwili, mbele na nyuma, na mgeni akija huteremshwa ukutani asome na upande wa pili.