Fomu niliyoijaza kwa maneno mawili

Nikiwa mwaka wa pili wa kusomea ubingwa wa mifupa, niliandika "kiti mwendo" kwenye fomu, nikasaini, nikahamia kitanda cha pili. Mgonjwa alikuwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Uti wa mgongo uliumia, kiunoni kushuka chini hana hisia. Dawa zake nilizipigia hesabu ya miligramu. Kiti, maneno mawili tu.

Alirudi baada ya miezi mitatu na kidonda makalioni, shimo la kuingia ngumi. Kiti alichopewa kilikuwa cha msaada, upana sentimita 46. Tulipompima nyonga, 36. Alikuwa anakaa kaegemea upande mmoja, kitambaa kimebonyea kama machela, mto hakuna. Hahisi, angejuaje? Mama yake akaniuliza, "Dokta, kwani si nyie mliompa?"

Hospitali ina mtaalamu wa viungo bandia, mzee mmoja aliyesomea TATCOT, kile chuo cha Moshi kilichoanza 1981. Karakana yake iko nyuma ya chumba cha kufulia na sikuwahi kukanyaga. Nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, dokta. Leo umepotea njia?"

Akakaa kwenye kiti, akaniamuru nipitishe vidole chini ya mfupa wake wa kukalia. Ndiyo, nilimshika mzee wa watu makalio, mlango wazi, na nesi akapita. Ncha za vidole zikicheza, salama. Zisipocheza lakini zikachomoka, kaa macho. Zikibanwa hata kuchomoa ni shughuli, kidonda kiko njiani. Vyangu vilibanwa. Akaweka mto wa sponji ngumu, tukarudia, vikacheza.

Kisha akatoa futi kamba. Upana wa nyonga. Kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, unatoa sentimita tatu hadi sita, la sivyo kiti kinamchoma nyuma ya goti. Kutoka goti hadi kisigino, ndipo ujue pa kuweka kikanyagio. "Haya ndiyo ya kuandika," akasema.

Kabatini alikuwa na kitabu cha mafunzo ya msingi ya viti mwendo cha Shirika la Afya Duniani, cha 2012, kimefungwa kwa rababendi. Kwetu sisi madaktari hakuna aliyewahi kututajia, wala hakitoki kwenye mtihani, na kisichotoka kwenye mtihani hakisomwi.

Tuliomba Alhamisi mbili mchana atufundishe, madaktari sita tunaosomea ubingwa. Mzee alituweka kwenye viti, akatutuma kantini bila kusimama. Mmoja alimwaga chai kwenye kizingiti. Mimi nilikwama mlango wa choo cha wagonjwa, choo ninachokipita kila siku.

Kijana kidonda kilipofunga nilimpima mwenyewe, na mzee akanirudisha mara mbili. Kijana akafundishwa kuinamia mbele mpaka kifua kiguse mapaja, ili makalio yapumue. Jumatatu iliyopita alikuja kliniki. Nikaanza na vidole chini ya mto, nikaridhika, nikashika kalamu.

"Dokta," akasema, "tairi la kushoto hujaliangalia. Limepungua upepo."