Mahamri 91 na somo la namba tasa

Napika mahamri ya kuuza hapa Majengo, na hesabu niliiacha darasa la nane. Kwa hivyo kijana wangu aliponijia jikoni na daftari kuniuliza vigawo na vigawe ni vitu gani, nilijifanya nahangaika na mafuta.

Majina yenyewe ndiyo yaliyonichanganya kwanza, maana yanafanana kama mapacha. Nikayatenganisha kwa Kiswahili tu: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, basi kigawe ni kinachogawika. Kigawo ndicho kinachogawa. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, vimekwisha. Vigawe vya 12 ni 12, 24, 36, 48, na hutavimaliza hata ukikesha.

Namba tasa zilitutoa jasho. Tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. 1 haimo, kwa sababu kigawo chake ni kimoja. Jina silipendi. Tasa kwetu ni asiyezaa, na hizi ndizo zinazozaa nyingine zote: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 2 na 3 ni tasa. Lakini nani ataniuliza mimi?

Asubuhi moja yalibaki mahamri 91 mezani. Kijana akayahesabu, akasema, "Mama, hiyo tasa. Si shufwa, yaani mbili haiigawi, haiishii kwa 0 wala 5, na 9 na 1 ni 10, tatu haigawi." Nikakubali, maana 91 hata kwa sura ni tasa. Mkono ukanituma kuyapanga saba saba. Safu ya 13 ikajaa na hakubaki hata moja. Tukatazamana. Yangekuwa tasa, yangekubali safu moja ndefu tu, si mstatili.

Tangu hapo saba siiachi. Haina njia rahisi kama ya tatu, ila naondoa kile ninachokijua: kwenye 91 naondoa 70, inabaki 21, nayo ni saba tatu. Ile ya tatu nilitaka kuijua sababu yake, nikaiona kwenye sinia. Katika kila kumi, toa tisa, zitagawika kwa tatu bila taabu, inabaki moja. Kwa hivyo 87 ina makumi manane, yanabaki manane, ujumlishe na zile 7, ni 15. Tatu inagawa 15, basi inagawa na 87.

Swali lililobaki ni la kukoma wapi, maana kijana alikuwa anajaribu mpaka 50 huko. Tukaandika vigawo vya 36 viwili viwili: 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, 6 na 6. Ukipita 6 unakutana na wale wale wamebadilishana viti. Basi ukitaka kuipima 97, unajaribu 2, 3, 5 na 7 tu. Inayofuata ni 11, na 11 mara 11 ni 121, umeshaipita. Zote nne zinakataa. 97 ni tasa.

Halafu akaja na kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: chekecheo, ya kazi ile ile ya unga. Mgiriki aitwaye Eratosthenes, aliyesimamia maktaba ya Iskandaria kule Misri zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ndiye anayetajwa kwa njia hiyo. Tuliandika 1 mpaka 100 kwenye karatasi ya mfuko wa unga, tukaifuta 1. Tukaiacha 2, tukafuta vigawe vyake vingine vyote. Tukafanya hivyo kwa 3, kwa 5, kwa 7, basi. Zikabaki 25, na katika hizo shufwa ni 2 peke yake.

Juzi mteja wa Bondeni aliagiza mahamri 97 ya hitma, na akataka niyapange kwenye sahani zilizo sawa. Nikamwambia, "Dada, 97 ni sahani moja au sahani 97, chagua." Akacheka, akachukua 96 kwa sahani 12, nane nane. Ile moja aliila pale pale mlangoni, kavu, bila hata mbaazi.