Nilivyomtembeza Mama kwa Miguu Hell's Gate

Karibu kila niliyemwambia alinionya kwamba Hell's Gate, mbuga iliyo karibu na Naivasha, si mahali pa kumpeleka mama wa miaka 71 mwenye goti bovu. "Mtafutie gari, azungushwe, arudi." Nikawasikiliza, na safari ya kwanza ikaharibika kwa sababu hiyo.

Tulijiunga na vijana wa ukoo kwenye gari la kukodi kutoka Nairobi. Dereva aliingia Lango la Elsa, akaupita Mnara wa Fischer, ule mwamba mrefu uliosimama peke yake, mbio kama anayefukuzwa, akaenda kusimama kwenye korongo la Ol Njorowa. Vijana wakateremka. Mama akabaki garini na chupa yake ya chai, madirisha yamefungwa kwa ajili ya nyani, saa mbili nzima. Na singemshusha korongoni: pale mvua ikinyesha mbali, maji huja ghafla, na Septemba 2019 yaliua watu. Tuliporudi nilimuuliza ameonaje. "Nimeona vumbi, mwanangu." Usiku ule sikupata usingizi.

Mara ya pili tukaenda wawili tu. Matatu ya alfajiri hadi Naivasha, nyingine ya barabara ya kusini mwa ziwa, kisha boda boda taratibu hadi langoni. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa elfu moja na kitu kwa kila mtu. Kiingilio nililipa kwa simu tukiwa bado nyumbani, nanyi fanyeni hivyo.

Kilichotuokoa ni kigoda cha plastiki, kile cha kufulia nguo. Nilikifunga mgongoni kwa leso kama mtoto. Njia ya kwenda mnarani ni tambarare, mtu mzima haimshindi. Kinachomshinda ni kukosa pa kuketi. Kila goti lilipoanza kulalamika, ninafungua leso, Mama anakaa, anatazama pundamilia na ngiri wakila majani, kisha tunaendelea. Hakuna aliyetuharakisha. Waendesha baiskeli walitupita wakimwamkia, "Shikamoo mama!" naye akiwapungia mkono kama mwenye shamba. Nyati wakiwapo, kaeni mbali nao.

Katika kituo cha tatu, au cha nne, Mama aliinama akaokota jiwe la kijivu lenye vitundu tele. Akalipima mkononi. "Hili si la kusugulia miguu?" Ndilo hasa! Nikamwambia limetoka kwenye mlipuko wa volkano: uji wa mawe ulijaa gesi, ukarushwa juu, ukapoa ghafla huku mapovu yakiwa bado ndani. Hakunisadiki. Nikamimina maji kwenye kifuniko kikubwa cha mkebe wa chakula, akaliweka. Likaelea. Akalizamisha kwa kidole, likaibuka. Akarudia mara nne, akicheka peke yake. Miaka yote amelisugua visiginoni na hakuwahi kujua kwamba linaelea. Alitaka kulibeba, nikamwambia mawe ya mbuga hayachukuliwi, akalirudisha palepale alipolitoa.

Mnara wa Fischer una urefu wa mita 25 hivi, na umepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika pale mwaka 1883. Mama aliweka kiganja kwenye mwamba, akauliza nani aliusimamisha. Nikamweleza kwa ugali: mawe yaliyoyeyuka yaligandia kooni mwa volkano, kisha mvua na upepo vikala kilichouzunguka. Ni kama ugali uliokauka sufuriani, sufuria ikaliwa na kutu ikaisha, ugali ukabaki umesimama. "Basi huo ugali ulipikwa kwelikweli," akasema. Pimbi walikuwa wanaota jua juu yetu, naye akawahesabu hadi wakampotea.

Nikamwambia pia kwamba joto la chini kule bado lipo, kwamba mvuke wa ardhini wa Olkaria, jirani na hapo, unazalisha stima tangu 1981, na huenda taa yake ya jikoni inawaka kwa huo. Akanyamaza, akatazama chini kwenye miguu yake.

Usiku goti lilivimba kidogo, nikalikanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Sasa anataka kufika Mnara wa Kati, ulio ndani zaidi. Nimeanza kuweka akiba, na safari hiyo tutalala Naivasha ili tuanze kutembea jua likiwa bado changa.