Dodoma hadi Johannesburg kwa majina mawili

Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam nilisafiri kwa jina la zamani. Treni ya SGR haikuwa na neno, maana tiketi niliikata kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA, ambacho bado kina jina la mjomba nililosomea. Mambo yaligoma uwanja wa ndege.

Kubadili jina kwenyewe, kutoka la mjomba kwenda la baba, hakukuwa kugumu. Wakili aliandaa hati ya kubadili jina, nikasaini mbele yake, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nikaiambatisha na fomu ya pasipoti inayojazwa mtandaoni, pamoja na pasipoti ya zamani. Ada ni shilingi 150,000. Ya zamani nilirudishiwa ikiwa imekatwa kona. Hiyo usiitupe kamwe!

Kosa lilikuwa kwenye tiketi ya ndege. Wakala aliikata kabla pasipoti mpya haijatoka, akanakili jina kutoka kwenye kitambulisho. Dada wa kaunta alifungua ukurasa wa picha, akaweka kidole kwenye mistari miwili ya chini, ile yenye herufi kubwa na vimshale (<).

"Kaka, mashine inasoma hapa. Kitambulisho chako haikijui."

Kila mstari una nafasi 44. Wa kwanza huanza na P, kisha TZA, jina la ukoo, vimshale viwili, halafu majina mengine. Jina la baba linaanza na Ng', lakini pale chini ritifaa, ile alama ya ('), haipo kabisa. Herufi zimefuatana tu. Ndiyo kanuni ya kimataifa, na tiketi iandikwe hivyohivyo. Wenzangu wenye majina ya Ng', mlishike hili.

Nilidhani dada yule ni mkaidi, kumbe ana sababu. Kampuni ya ndege hutuma taarifa za abiria kule aendako, na akikataliwa mpakani, ni kampuni inayobeba jukumu la kumrudisha, mara nyingi na faini juu. Herufi mbili tatu zikikosewa hurekebishwa. Jina zima la ukoo likiwa jingine, kwao huyo ni mtu mwingine, na tiketi haihamishwi.

Kilichoniokoa ni nakala ya ile hati pamoja na pasipoti iliyokatwa kona: sura ileile, tarehe ya kuzaliwa ileile. Hata hivyo walitoa tiketi upya, nikalipa 185,000, na kiti cha dirishani nilichokilipia kikapotea. Iliniuma sana, kulipia kosa la wakala kwa hela yangu, halafu chupa ya maji ndani ya uwanja elfu nne. Kama safari yako ina kampuni mbili, ni shida zaidi, kwa sababu ya pili nayo lazima ikubali mabadiliko. Malizana na wakala ukiwa bado Dodoma.

Kadi ya njano, ile ya chanjo, nayo ilikuwa na jina na namba ya pasipoti ya zamani. Chanjo ya homa ya manjano, tangu Julai 2016, inahesabika ya maisha, hivyo hakuna haja ya sindano nyingine. Shida ni maandishi tu. Niliibeba ikiwa imebanwa na nakala ya hati.

Johannesburg, Mtanzania haombi viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Afisa alitazama picha, akanitazama, akagonga muhuri. Siku sita za harusi ya binamu zikapita na baridi yake.

Kurudi, tiketi ya treni niliikata kwa pasipoti. Mkaguzi akalisoma jina la baba kwa sauti, na ng' yake akaitamka sawasawa kama bibi alivyokuwa akiitamka kule Mpwapwa. Nilikaa kimya hadi Morogoro.

Sasa ni zamu ya NIDA, kabla ya benki na laini ya simu, kwa sababu zote mbili huchukua jina kutoka huko.