Jiko la mkaa chumbani na hemoglobini inayogoma kuachia

Kila ikifika Juni Julai, baridi ya Njombe na Makete ikianza kuuma, kuna watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga dirisha wanalala, na wengine hawaamki. Tunasema wamekosa hewa. Ila chumbani oksijeni inaweza kuwepo na mtu akafa vilevile, shida iko ndani ya damu yake, na natamani kila anayelala na jiko aelewe hili.

Ndani ya chembe nyekundu kuna hemoglobini, protini ya vipande vinne, kila kipande kina atomu moja ya chuma na hapo ndo oksijeni inaponasa. Ya kwanza inanasa kwa shida. Ikishanasa kile chuma kinasogea kidogo tu, kipande kinajipinda, kinawavuta wenzake, basi zinazofuata zinaingia kirahisi, ndo maana damu inatoka kwenye mapafu imejaa kama asilimia 98. Sasa ingebeba tu bila kuachia isingetusaidia kitu. Msuli unaofanya kazi unapata joto, unatoa kaboni dayoksaidi, asidi inaongezeka, na vyote hivyo vinailegeza hemoglobini iachie pale pale panapohitajika, yaani ubongo wala hautoi amri! Hiyo ya kaboni dayoksaidi mwanasayansi Christian Bohr na wenzake waliionyesha Copenhagen, Denmark, mwaka 1904. Ukiwa umekaa tu damu inarudi moyoni bado ina kama asilimia 75, hiyo ni akiba ya siku utakayokimbia.

Mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na moshi ukiisha mkaa ukawa mwekundu watu ndo wanaona sasa uko salama, kumbe gesi bado inatoka. Hii inang'ang'ania kile chuma zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mbaya zaidi, ikikaa kwenye kipande kimoja, vile vingine navyo vinabana oksijeni yao visiiachie, ni daladala imejaa abiria inapita vituo vyote bila kushusha.

Na ile mashine ya kubana kidoleni, ya kupima oksijeni kwenye damu, inadanganyika. Inapima kwa mwanga, na damu yenye hii gesi inaiona kama damu iliyojaa oksijeni, kwa hiyo mtu kazimia na mashine inaandika 98. Mkimpeleka hospitali semeni wenyewe kwamba alilala na jiko, msisubiri kuulizwa, maana kichwa kuuma, kichefuchefu na kulegea ni rahisi mtu kudhani malaria. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi inachukua kama saa 4 hadi 5 kutoka kwenye damu, kwa oksijeni safi ya maski ni kama saa moja na nusu. Kwanza kabisa mtoeni nje, na wewe unayeingia kumtoa fungua mlango na madirisha, usikae humo.