Gari Linalotetemeka Baada ya Kubadilisha Breki: Kabla Hujanunua Diski Nyingine

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tumelazimika kuwa mafundi wa magari yetu wenyewe, kwa sababu malipo ya fundi mara nyingi huzidi bei ya kipuri chenyewe, na kubadilisha pedi na diski za breki ni kazi ambayo mtu makini mwenye jeki, stendi imara na seti ya spana anaweza kuifanya mbele ya nyumba yake. Tatizo huja baadaye, pale gari lililokuwa limetulia linapoanza kutetemeka na usukani kucheza mikononi kila breki inapokanyagwa. Ukiwauliza wenzako, jibu huwa ni lile lile, kwamba diski zimepinda na zirudishwe dukani. Ninaandika kwa sababu nina hakika kwamba jibu hilo si sahihi mara nyingi, na limewafanya watu wanunue diski mara ya pili na ya tatu huku ugonjwa ukibaki pale pale.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, ni lazima ujue gari linatetemeka wakati gani. Likitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 90 au 110 kwa saa bila wewe kugusa breki, shida kwa kawaida iko kwenye tairi na ringi: huenda kichuma kidogo cha balansi kilibanduka gurudumu lilipotolewa, au gurudumu halikukaa sawasawa liliporudishwa. Likitetemeka pale tu unapokanyaga breki na kutulia unapoachia, ndipo breki zenyewe zinapostahili kushukiwa. Mtetemo unaoupata kwenye usukani mara nyingi hutoka magurudumu ya mbele, na ule unaousikia kwenye kiti au sakafu hutoka nyuma. Wanaoendesha kwenye theluji kwa mara ya kwanza nawakumbusha pia kwamba pedali inayopigapiga mguuni juu ya barabara yenye barafu ni mfumo wa ABS, yaani ule unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, unaofanya kazi yake, wala hakuna ubovu wowote hapo.

Swali linalofuata, ambalo wengi hulipuuza, ni kama mtetemo ulianza siku ile ile ya matengenezo au ulikuja baada ya kilomita elfu kadhaa. Ulioanza mara moja humaanisha kwamba kuna kitu hakikukaa au hakikukazwa vizuri, au kwamba diski ziliwekwa zikiwa bado na mafuta ya kiwandani. Unaokuja polepole una historia tofauti. Diski isiyokaa wima kabisa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu ambacho diski na ringi hufungwa juu yake, huyumba kidogo kila inapozunguka, na katika kuyumba huko sehemu ile ile hugusa pedi hata wakati dereva hajakanyaga breki. Mguso huo mwepesi, ukirudiwa maelfu kwa maelfu ya mizunguko, hula chuma upande mmoja au hupaka masalia ya pedi upande mwingine, hata unene wa diski ukaacha kuwa sawa. Ni tofauti hiyo ya unene inayosukuma kalipa, kile kifaa kinachobana pedi juu ya diski, na kurudisha mapigo kwenye pedali, na huanza kusikika ikiwa ni ya sehemu chache tu za mia za milimita. Diski nyingi zinazoitwa zilizopinda hazijapinda hata kidogo.

Ndiyo maana ninasisitiza sana habu, na sisi tunaoishi katika nchi za baridi tuna sababu zaidi ya kuijali, kwani chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma mwaka hadi mwaka. Gari langu nililinunua likiwa na diski zilizobadilishwa muda mfupi uliopita na gereji moja, nalo lilitikisa usukani kila liliposhuka mlima. Nilipochomoa diski ya kushoto, uso wa habu ulionekana safi kwa mbali, lakini nilipopitisha kucha kuzunguka mashina ya bolti, ilikwama kwenye ganda la kutu jembamba kama karatasi, na nyuma ya diski palikuwa na doa la kahawia mahali pale pale ganda lilipogusana nayo. Karatasi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.1. Watengenezaji wengi wa magari huruhusu diski iyumbe kwa milimita 0.05 hadi 0.1 tu, na kosa lililoko kwenye habu huongezeka kadiri unavyoelekea ukingoni mwa diski, ambako pedi hukamata. Ganda la namna hiyo linatosha kuharibu diski nzuri kabisa.

Kutu hiyo haitoki kwa kufutwa na kitambaa. Inahitaji brashi ya waya, kisha msasa, na subira ya kuingia katika duara finyu linalozunguka kila bolti, mahali ambapo brashi pana haifiki. Usafi uo huo ufanywe nyuma ya diski na ndani ya ringi mahali inapokutana na diski. Wengine hupaka grisi kwenye uso mzima wa habu wakidhani wanazuia kutu. Mimi siungi mkono jambo hilo, kwa sababu sehemu mbili zinazotakiwa kubanana chuma kwa chuma hazihitaji tabaka kati yake. Utando mwembamba kwenye ukingo wa katikati unaoshikilia ringi unatosha.

Asiyetaka kubahatisha atafute geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachoonyesha hata kuyumba kudogo sana, yenye kitako cha sumaku. Si kifaa cha anasa, na kinamaliza ubishi. Diski hufungwa kwenye habu kwa nati zake zote zikiwa na washa, kitako hubandikwa kwenye chuma kisichozunguka, na ncha ya geji huwekwa karibu milimita 10 kutoka ukingo wa diski, kisha diski huzungushwa polepole kwa mkono huku ukitazama mshale. Ukipata zaidi ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha ukarabati cha gari lako, weka alama mahali mshale ulipopanda zaidi, toa diski, isogeze tundu moja mbele, funga na upime tena. Ikiwa mahali pa juu pamehama pamoja na diski, lawama ni ya diski. Ikiwa pamebaki pale pale upande wa habu, basi habu au beringi ndiyo mbovu, na diski mpya hata kumi hazitakusaidia. Mara nyingine kusogeza tundu moja kunatosha kushusha kipimo, kwa kuwa kosa dogo la diski na kosa dogo la habu hufutana.

Kisha kuna nati. Bunduki ya upepo inayokaza nati moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine hubana diski upande mmoja na kuiacha imeinama kiasi kisichoonekana kwa macho. Nati zikazwe kwanza kwa mkono, kisha kwa mpangilio wa nyota, yaani ukitoka nati moja unaruka hadi iliyo upande wa pili, na mwisho kwa spana ya kupimia mkazo. Magari mengi madogo huhitaji kati ya nyutoni mita 100 na 140, lakini kiwango chako hasa kiko kwenye kitabu cha gari nacho ndicho cha kufuatwa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 ni vizuri kupima mkazo tena.

Diski mpya nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na ni lazima yaondolewe kwa dawa ya kusafishia breki kabla pedi hazijagusa, vinginevyo pedi huyanyonya. Kabla gari halijasogea, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Baada ya hapo breki zinapaswa kuzoeshwa: kwenye barabara tupu, punguza mwendo kwa nguvu ya wastani kutoka kama kilomita 60 kwa saa hadi 15, bila kusimama kabisa, urudie mara kadhaa ukiacha nafasi ya kupoa kati yake. Usisimame ukiwa umekanyaga pedali wakati diski zina moto, kwa sababu pedi iliyotulia juu ya diski ya moto huacha muhuri wa masalia yake mahali hapo, na muhuri huo ndio utakaousikia kwenye kila mzunguko. Masalia mepesi wakati mwingine huondoka kwa kurudia zoezi hili ipasavyo.

Pini za kalipa, zile ambazo kalipa huteleza juu yake, huchukua muda mfupi kukagua. Zichomoe, zisafishe, zipake grisi maalumu ya breki, uhakikishe zinateleza kwa mkono. Pini iliyoganda huacha pedi moja ikiburuza, na gurudumu hilo huwa la moto kuliko la upande wa pili hata baada ya safari fupi. Bushi zilizochakaa na bolijointi zilizolegea, yaani viungo vinavyoshikilia magurudumu kwenye gari, hazianzishi mtetemo wa breki, lakini huukuza, na gari lenye kilomita nyingi linaweza kutikisika vibaya kwa kosa ambalo gari jipya lingelimeza.

Mtetemo ukiambatana na mlio wa chuma kugonga, au gari likivutwa upande mmoja, au pedali ikishuka kuelekea sakafuni, usiliendeshe gari hilo hata kwenda gereji. Huenda bolti za kalipa au nati za gurudumu zimelegea, na hizo hukaguliwa hapo hapo gari liliposimama, ama gari liondoke juu ya gari la kuvuta.